Goti la Bi Tena

Jumatano, tarehe tisa Oktoba. Mvua ilipiga alfajiri kwa kishindo, ikakatika ghafla kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine, na watu walipoanza kutoka majumbani jua lilikuwa tayari linakausha madimbwi barabarani. Hewa ilinata mwilini. Bi Tena alitoka chumbani kwake na gauni la kijivu lenye kola nyeupe, lile analolivaa siku za usaili tu, akasimama ukumbini akimkagua mjukuu wake kuanzia kisogoni hadi kwenye soksi.

"Leo ndiyo leo, mume wangu," alimwambia. "Usiniaibishe mbele za watu."

Huyo mume alikuwa na miaka miwili na nusu na ushee. Alimtazama bibi yake mdomoni, kama ilivyokuwa kawaida yake, kisha akarudi kuvuta uzi uliochomoza kwenye soksi.

Jina la Bi Tena alipewa na watoto. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza hadi nywele zikabadilika rangi, na alipostaafu hakupumzika hata muhula mmoja. Alitandika mikeka barazani, akatundika ubao, akaanza kuwaandaa watoto wa watu kwa usaili wa kuingia shule zile zinazochagua. Usaili wenyewe ni mtoto mdogo kuingizwa chumbani mwa watu asiowajua, akaulizwa rangi, akaulizwa hesabu za vidole, akaulizwa gari lina magurudumu mangapi. Akiduwaa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Wazazi waliokuwa na hofu walimletea watoto, na sisi wapangaji wa uani tuliamshwa kila asubuhi na ile kwaya ya barazani.

"Jina langu naitwa!"

"Tena!"

"Ninaishi na baba na mama!"

"Tena! Wewe wa nyuma, baba unaishi naye au humtaki?"

Watoto walicheka, wakarudia. Alikuwa na ulimi, lakini hakuwa na kiboko, na watoto walimpenda. Pia alikuwa na mbinu zake. Kazi yake, alisema mwenyewe, haikuwa kumfundisha mtoto ajue, kwa maana kujua kuna miaka yake. Kazi yake ilikuwa kumfundisha apite. Aliwafundisha waingie na tabasamu, wamtazame muulizaji machoni, na wasipojua jibu waseme, "Naomba kurudiwa swali," ili wapate nafasi ya kupumua. Na kwa wale wadogo kabisa, ambao mzazi huruhusiwa kuwapakata, aliwafundisha wazazi goti. Mtoto yuko mapajani. Goti la kulia likiinuka kidogo, jibu ni la kulia. La kushoto likiinuka, ni la kushoto. Picha ya ng'ombe ni ipi, picha ya mbuzi ni ipi, goti linajua.

"Na goti halina sauti," aliwaambia. "Hakuna mwalimu aliyewahi kulisikia."

Wazazi waliliita goti hilo msaada. Sikumsikia hata mmoja akiliita kwa jina jingine.

Aliishi na binti yake wa pekee, fundi cherehani katika karakana ya sare za shule, na mtoto wa binti huyo. Baba wa mtoto alikuwa mwanamume wa maneno matamu, na maneno yalipomwishia aliondoka. Binti alitoka asubuhi na kurudi jioni na vipande vya uzi nyweleni, kwa hiyo mtoto alikulia barazani, kwenye kona ya mkeka, kati ya kwaya na ubao.

Alikuwa mtoto mtulivu mno. Alilala katikati ya makelele yote yale bila kushtuka. Kina mama walioleta watoto wao walimsifu.

"Mwalimu, huyu umempa dawa gani? Wangu mlango ukifungwa tu, anaamka."

"Huyu mtoto wa mwalimu," Bi Tena alijibu. "Kelele za darasa amezizoea tangu tumboni."

Wote walicheka. Hata mimi, nikianika nguo zangu, nilicheka.

Mwaka wa kwanza ukapita kwa sifa. Mwaka wa pili sifa zikaanza kupungua. Mtoto alichelewa kusimama, akachelewa kutembea, na alipotembea alishika ukuta kama mlevi. Neno hakusema. Ukimwita hakuja, ila ukipita mbele yake alinyoosha mikono na kucheka. Bi Tena alisema babu yake naye alianza kusema akiwa mkubwa, na alipoanza hakunyamaza mpaka wanamzika. Binti alimsikiliza mama yake, lakini alikuwa ameanza kukosa usingizi.

Walipompeleka kliniki kupimwa uzito, muuguzi alimtazama mtoto kwa muda, akamwita, akamwita mara ya pili, kisha akamwambia binti, "Mpelekeni kituoni. Kipo kituo cha watoto waliochelewa kukua. Wanawafanyisha mazoezi, wanawafundisha kula, kutembea, kusema. Lakini wanachukua walio chini ya miaka mitatu tu, maana wakiwa wadogo hivi ndipo wanaposaidika zaidi. Fanyeni haraka. Nafasi ni chache, wanachagua."

Binti alirudi nyumbani na habari yote hiyo. Bi Tena alibaki na maneno ya mwisho. Nafasi ni chache, wanachagua. Kwa maisha yake yote, mahali panapochagua palikuwa na maana moja tu. Hakuuliza wanachagua nini. Aliuliza siku ya kipimo ni lini.

Kwenye kona ya mtaa wetu kuna muuza matunda, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mbali, ambaye kitindamimba wake alikuwa amepita kituo hicho. Bi Tena alimfuata na kikapu, akajifanya anachagua machungwa.

"Hivi pale kituoni wanawapima nini hasa?"

"Mambo ya kitoto tu, mwalimu. Kuna vitofali vyekundu vya mbao, wanataka avitie kikombeni. Kuna mwanasesere, wanamfunika kitambaa, waone kama atamfunua. Halafu kengele."

"Kengele?"

"Wanagonga huku, wanagonga kule, nyuma ya mgongo. Waone kama anageuka."

"Na mwanao alifanya yote?"

"Wa kwangu?" Muuza matunda alishika kiuno. "Alilia mwanzo mwisho, kisha akamtapikia mpimaji kwenye viatu."

"Na wakamchukua?"

"Siku hiyo hiyo."

Bi Tena alimtazama kwa jicho la pembeni. "Basi ulikuwa na mtu wako ndani."

Muuza matunda alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Mtu gani, mwalimu? Mimi huyu? Mtu wangu ni mteja, na wewe hujanunua hata chungwa moja."

Bi Tena alinunua machungwa. Lakini jibu lilikuwa limesimama mbele yake, na yeye alilipita akitafuta mlango mwingine.

Wiki hiyo hiyo alimwagiza seremala amkatie vitofali, akavipaka rangi nyekundu mwenyewe. Kengele ya mkono alikuwa nayo tangu shuleni, ilining'inia kwenye msumari karibu na ubao. Kila watoto wa tuisheni walipoondoka, alimkalisha mjukuu wake mkekani, somo likaanza.

Vitofali havikumshinda. Bi Tena alitia kimoja kikombeni, mtoto akamtazama mikono, akatia cha pili. Kitambaa nacho alikifunua, na kila alipomfunua mwanasesere alicheka upya kana kwamba hakutarajia. Bi Tena alikuwa na furaha tele. Alikuja dirishani kwangu kunieleza kwamba mtoto ana akili kuliko nusu ya wale wanaolipiwa.

Kengele ndiyo iliyokuwa shida. Alipiga nyuma ya sikio la kulia, mtoto hakugeuka. Alipiga la kushoto, mtoto aliendelea na kikombe chake. Alipiga mpaka jirani wa ng'ambo ya uzio akapaza sauti kuuliza kama kuna kanisa limefunguliwa.

"Mkaidi huyu," alisema Bi Tena. "Babu yake mtupu. Anajua, hataki."

Mwalimu aliyekwishafundisha watoto wengi wasiotaka hashangai akimwona mmoja zaidi. Alimpakata mapajani, akapiga kengele upande wa kulia, na hapo hapo akainua goti la kulia. Mtoto aliyumba, akageuka kutazama kulikoni, akakuta kengele inameta na mkono wa bibi yake umeshika kipande cha biskuti. Akapewa. Tena. Goti la kushoto, kengele, biskuti. Tena. Kabla mwezi haujaisha, mtoto aligeuka kama askari kwenye gwaride. Bi Tena alimwita binti yake atoke jikoni.

"Njoo umwone mwanao."

Binti alisimama mbele yao na mwiko mkononi. Kengele ililia kulia, mtoto akageuka kulia. Ikalia kushoto, akageuka kushoto. Binti alifunika uso kwa kiganja akalia kwa furaha. Goti lilikuwa limefunikwa na gauni.

Basi Jumatano hiyo walifika kituoni mapema, viatu vikiwa na tope. Kilikuwa jengo la ghorofa moja, ukuta wa ndani umechorwa samaki na maputo, sakafu inanuka dawa. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Bi Tena aliketi karibu na mama mmoja kijana, mwembamba, aliyempakata binti mdogo ambaye shingo yake haikukaa sawa. Kichwa kililala kwenye mkono wa mama yake, mate yakimtoka, mama akiyafuta kwa kitambaa bila hata kutazama.

"Umemwandaaje?" Bi Tena alimuuliza.

"Kumwandaa, mama?"

"Kwa kipimo."

Yule mama alifikiri kidogo. "Nimemwogesha."

Bi Tena alimhurumia kweli. "Sikiliza, mwanangu. Hapa wanachagua. Mtu haji mikono mitupu. Lakini usivunjike moyo. Mwakani utajaribu tena, nami naweza kukuelekeza."

"Mama," binti yake alimbana kiwiko. "Acha."

"Nimesema baya gani? Namsaidia."

Mama kijana alisema asante, akainama kumfuta mwanawe.

Mtaalamu wa kituo alikuwa mwanamke wa umri wa binti wa Bi Tena, miwani imekaa juu ya nywele, sauti imekauka kwa kusema tangu asubuhi. Chumba chake kilikuwa na zulia dogo, meza fupi, na kabati la vitu vya kuchezea. Alimwomba bibi ampakate mtoto. Binti aliketi kwenye kiti cha pembeni.

Vitofali vilitoka. Vilikuwa vyekundu, vya mbao, ukubwa ule ule. Bi Tena aliuma midomo asicheke. Mtoto alivitia kikombeni kimoja kimoja, vyote, kisha akainua uso kungoja biskuti.

"Vizuri sana," alisema mtaalamu, akashusha miwani machoni.

Kitambaa kilitandazwa, kikafunuliwa. Mtoto alicheka.

"Anasema maneno?"

"Anasema," Bi Tena alidakia. "Anasema baba, anasema maji. Mbele za wageni ana haya."

Binti alimtazama mama yake.

Mtaalamu alichukua kengele, akaenda nyuma yao. Ililia upande wa kulia. Kutoka kwenye kiti chake cha pembeni, binti aliliona gauni la kijivu likiinuka kwenye goti, inchi moja tu, na mtoto akageuka. Ililia kushoto. Gauni likainuka upande wa pili. Mtoto akageuka.

"Anageuka haraka ajabu," alisema mtaalamu, na pale alipotakiwa kuandika aliandika.

Bi Tena alimtazama binti yake kwa macho ya ushindi. Binti alikuwa amefungua mdomo. Kisha akaufunga.

Mtaalamu aliketi, akawaeleza kwa upole. Kutembea kumechelewa, lakini mazoezi ya nyumbani yatatosha, angewaonyesha. Kuelewa kwake ni kuzuri, mikono yake ni mizuri, masikio yake hayana wasiwasi. Akifika miaka mitatu wampeleke chekechea, azungumze na wenzake.

"Kwa hiyo amefaulu?" aliuliza Bi Tena.

Mtaalamu alitabasamu. "Tunaweza kusema hivyo, bibi. Hongereni."

"Ahsante, mwanangu. Anaanza lini?"

"Anaanza nini?"

"Hapa. Kituoni."

"Hapana, bibi. Hapa nafasi iliyobaki ni moja, na tunampa aliye nyuma zaidi. Huyu wenu anakwenda vizuri. Hapo nje kuna binti anayeihitaji kuliko yeye."

Bi Tena alisimama na mtoto mkononi. "Yupi? Yule wa shingo? Lakini yule hajui chochote!"

"Ndiyo maana, bibi."

Mtoto alinyoosha mkono kuitaka kengele iliyokuwa mezani.

Walipotoka kwenye ukumbi mwembamba wa nje, binti alimvuta mama yake ukutani, chini ya samaki mmoja wa buluu.

"Goti lako nimeliona," alimwambia kwa kunong'ona. "Rudi ukamwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba hakugeuka. Umemgeuza."

"Nikamwambie mpimaji yule, mtoto wa juzi, kwamba mimi nimedanganya kwenye mtihani? Mimi?"

"Ndiyo. Wewe."

Bi Tena alitazama mlango. Bado ulikuwa wazi, na mtaalamu alikuwa anapanga vitofali upya. Ilikuwa hatua chache tu. Lakini mama kijana alikuwa ameshaitwa, alikuja na binti yake begani, kitambaa mkononi, akisema, "Samahani, mama, nipite." Bi Tena alisogea akampisha. Mlango ukafungwa.



Alasiri watoto wa tuisheni walikuwa mkekani, kufidia somo la asubuhi. Mzazi mmoja, mwanamume wa suti aliyekuja kumchukua mwanawe, aliuliza kutoka kwenye ngazi, "Mwalimu, mjukuu vipi? Kapita?"

"Kapita," alijibu Bi Tena, akiwa amempa mgongo.

"Hongera! Mimi nilijua tu. Kwako mwalimu hakuna anayeanguka."

Binti yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Siku hiyo hakwenda karakanani. Alikuwa na mfuniko wa sufuria kubwa, ule mzito, wa kupikia watu wengi. Mtoto wake alikuwa kwenye kona yake ya mkeka, amewapa wote mgongo, anatia vitofali kikombeni. Binti alipita katikati ya watoto bila kusema kitu, akasimama nyuma ya mwanawe, akauachia mfuniko kwenye saruji.

Mimi nilikuwa uani, nikaruka. Watoto wa tuisheni waliruka wote, mmoja akaanza kulia, yule mwanamume wa suti akasema neno ambalo halisemwi mbele ya watoto. Mfuniko ulizunguka na kuzunguka kabla haujatulia. Mtoto alitia kitofali kikombeni. Akatafuta kingine, akakiona, akakitia.

"Haya nendeni nyumbani," Bi Tena aliwaambia wanafunzi wake. "Leo basi."

Walipoondoka, binti aliokota mfuniko.

"Ulijua?"

"Nilijua hageuki."

"Mama!"

"Nilijua hageuki. Wasiogeuka nimewafundisha wengi. Ningejuaje kwamba huyu hasikii?"

"Ungejua kama ungeacha kumsogeza! Miaka miwili amekaa hapa na kelele zako, tunamsifu mtulivu, mtulivu. Muuguzi katuambia, njia ikafunguka, wewe ukaifunga kwa goti."

"Na wewe ulikuwa pale. Uliliona. Mbona hukufungua mdomo?"

Binti alikaa kwenye ngazi, mfuniko mapajani.

"Kwa sababu nilitaka afaulu," alisema.

Niliingia ndani nikafunga dirisha langu taratibu, lakini hakukuwa na la kusikia zaidi. Hawakugombana tena. Jioni ile binti alimlisha mwanawe, akamwogesha, akalala naye akiwa amemwekea mkono mgongoni. Bi Tena aliketi barazani peke yake mbele ya ubao wenye maandishi ya alasiri, *Jina langu naitwa*, bila kuyafuta.

Kilichotokea asubuhi iliyofuata alinisimulia mwenyewe, siku nyingi baadaye, kwa vipande, na sikuweza kumuuliza zaidi ya alivyotaka.

Binti alikuwa ameondoka kwenda kazini bila kuaga. Bi Tena alivaa gauni la nyumbani, si lile la kijivu. Alimbeba mtoto, akaandika kwa chaki kwenye mlango kwamba hakuna masomo, akaenda kituoni. Mtu wa kwanza kukutana naye kwenye benchi alikuwa mama kijana na binti yake wa shingo. Uso ulimng'aa alipomwona.

"Mama! Na nyie mmeanza leo? Sisi wametuchukua! Jana sikulala!"

"Hongera, mwanangu," alisema Bi Tena.

Mtaalamu alipotokea, Bi Tena hakungoja kuitwa chumbani. Alimsimamisha pale pale ukumbini, mbele ya mabenchi, akamwambia kwamba jana mtoto hakusikia kengele, ila aliguswa na goti. Kwamba baba na maji, maneno aliyodai mtoto anayasema, hayasemi. Mtaalamu alimsikiliza, miwani iko mkononi.

"Nionyeshe."

Bi Tena aliketi kwenye benchi, akampakata mjukuu wake. Hakuna aliyeshika kengele. Aliinua goti la kulia, mtoto akageuka kulia na kufungua mdomo, akingoja biskuti. Aliinua la kushoto. Mtoto akageuka kushoto.

Mtaalamu alivuta pumzi. "Nilipaswa kumtoa mapajani mwako," alisema, kama anayejisemea. "Kila siku nawatoa. Jana nilikuwa nimechoka." Kisha sauti yake ikawa kavu. "Bibi, nafasi imeshakwenda."

"Najua. Nimeiona imekaa hapo."

"Nyingine itapatikana mwakani. Atakuwa ameshapita mitatu. Siwezi kumchukua, hata ukinipigia magoti."

"Magoti nimeshayatumia vya kutosha. Nimekuja umpime tu."

"Nitampima, nimwandikie barua ya hospitali ya masikio. Huko foleni ni ndefu, sikufichi. Na miezi hii ndiyo ilikuwa ya kumfundisha namna ya kusema, kwa mdomo au kwa mikono. Ungesema jana, ningeanza naye leo."



"Haya, mlete. Nani atampakata?" Mtaalamu alitazama ukumbini. Mtu wa mapokezi alikuwa na simu sikioni, wengine wote walikuwa na watoto wao. "Si wewe, bibi."

"Si mimi."

Mama kijana alisimama. "Nipe mimi, mama. Wewe nishikie wangu."

Wakabadilishana. Mtoto hakulia, alitazama mdomo wa yule mama, akaona unatabasamu, akakubali. Mlango ukafungwa. Bi Tena alibaki amesimama ukumbini na binti wa watu mikononi, mzito kuliko alivyodhani, kichwa kimelala kwenye kiwiko chake. Alimfuta mate kwa upindo wa gauni.

Ndani, kengele ililia. Yule binti mdogo hakuweza kuinua kichwa, lakini macho yake yaliondoka usoni mwa Bi Tena yakaenda mlangoni. Kimya. Kengele ililia kwa nguvu zaidi, na macho ya binti mdogo yakaenda tena. Kimya. Bi Tena alibana magoti yake pamoja, akasimama wima, akimtazama machoni mtoto yule asiyejua chochote, na kila kengele ilipolia nyuma ya mlango, yule alisikia.